Utafiti wa ziwa letu uwasilishwe mwaloni pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na watafiti wenzangu, hasa wanaokuja kuchukua takwimu Ziwa Tanganyika kisha wakapanda ndege kwenda kuziwasilisha ng'ambo. Nasema nikiwa mmoja wao.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Kwa shahada yangu ya uzamili nilitafiti jinsi akina mama wanavyokausha dagaa katika mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inapoteremsha samaki, nikilinganisha wanaoanikwa mchangani na wanaoanikwa kwenye chanja za waya. Septemba mwaka jana nikaalikwa Leuven, Ubelgiji, kuwasilisha matokeo kwenye kongamano dogo la watu wasiofika 40, wote wanaotafiti maziwa kama letu na samaki wake.

Maandalizi ya safari sitayaeleza sana. Pasipoti shilingi 150,000, viza yuro 90, bima ya safari yenye kinga ya kuanzia yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri. Alama za vidole haziachwi Kigoma, kwa hiyo nilikwenda Dar es Salaam kwa basi mara mbili: kuziacha, na baadaye kuondoka. Waandaaji walilipa tiketi ya ndege na malazi; mengine niliambiwa nilipe kwanza, nitarudishiwa nikileta risiti. Walinirudishia kweli, baada ya wiki 7, na fedha hizo nilikuwa nimezikopa kwenye kikoba cha walimu. Wanaoandaa makongamano walitazame hilo. Mtafiti kijana wa huku anaweza kuwa na mada nzuri akakwamishwa na nauli ya kukopa.

Nilipewa dakika 15. Nilijaza slaidi zangu asilimia za unyevu, saa za jua na michoro ya mistari. Nilipomaliza, mzee mmoja wa safu ya nyuma akauliza: hao akina mama wenyewe wanajuaje kwamba dagaa wamekauka? Swali lilinichoma, kwa sababu jibu nilikuwa nalo, ila nilikuwa nimelifuta kwenye slaidi nikidhani halina hadhi ya kongamano. Mama wa Kibirizi anachota dagaa konzi moja, anaminya, anasikiliza. Wakilia kama majani makavu, wanakaribia. Kisha anachukua mmoja, anamvunja nyuma ya kichwa. Akijikunja, bado. Akikatika mara moja, gunia linaweza kufungwa na kusafirishwa hadi Dar bila kuota ukungu. Nilisimama mbele ya projekta nikaonyesha kwa vidole vitupu, na maswali yote yaliyofuata yakawa juu ya hilo.

Siku ya pili zilikuwapo mada nyingine tatu kuhusu ziwa letu. Watoa mada walilijua vizuri. Mmoja aliwahi kukaa Kigoma miezi mitano, akanisalimia kwa Kiswahili. Walirejea utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature, nami nitaueleza hapa kwa ufupi kwa sababu ni habari yetu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Chini kabisa hakuna hewa ya oksijeni. Huko chini ndiko virutubisho vinakolala. Upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba, ndio unaolivuruga ziwa na kuvipandisha, vikalisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea ikaliwa na vidudu vya majini, vidudu vikaliwa na dagaa, na dagaa wakaliwa na migebuka. Sasa maji ya juu yanazidi kuwa ya moto. Maji ya moto ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi, na upepo unashindwa kuyachanganya kama zamani. Chakula kinachopanda kinapungua, na dagaa nao wanapungua. Uvuvi wa kupita kiasi upo pia, na hakuna aliyeukana pale ukumbini.

Nimezaliwa Ujiji. Maelezo hayo sikuwahi kuyasikia kwa Kiswahili, si darasani, si redioni. Wala jambo hili halikuanza jana: wanasayansi wa Kibelgiji walilizunguka ziwa lote mwaka 1946 na 1947, na matokeo yao yakachapishwa kwa Kifaransa.

Niliporudi nilikwenda Kibirizi kumsalimia mama mmoja aliyenivumilia miezi yote ya utafiti, nikamweleza habari ya maji kuchanganyika. Alikuwa anageuza dagaa kwa mikono yote miwili, akasimama.

"Mwalimu, hayo mmeyajua tangu lini?"

"Utafiti ulitoka mwaka 2003, mama."

"Na mimi nimeambiwa leo."

Hakuwa na hasira. Alirudi kwenye chanja yake. Mimi ndiye niliyekosa la kusema. Nilikumbuka mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, uvuvi ukasimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, jinsi nilivyosikia watu pale pale mwaloni wakibishana kwamba dagaa wamehamia Kongo. Mtu aliyefungiwa riziki yake ana haki ya kuelezwa jinsi ziwa linavyofanya kazi, kwa lugha anayoiota.

Kwa hiyo mwezi uliofuata nilifanya wasilisho lile lile Kibirizi. Niliomba nafasi kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, nao wakanipa somo la kwanza: usije usiku wa giza, watu wako ziwani na taa zao, njoo siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika. Nilichora ziwa kwa mkaa kwenye turubai. Nilizungumza kama dakika 20, maswali yakachukua saa mbili. Mvuvi mmoja alisema kusi ya siku hizi inachelewa na haikai, akaanza kutaja miaka, wenzake wakamsahihisha. Niliandika kurasa sita. Kwa thamani ya kisayansi siziweki chini ya chochote nilichorudi nacho kutoka Leuven.

Ombi langu kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti: liwekwe sharti kwamba anayetafiti ziwani arudishe matokeo mwaloni kwa Kiswahili, ana kwa ana, kabla kibali chake hakijafungwa. Ripoti iliyotumwa ofisini isihesabiwe kuwa imetimiza hilo. Kwa wanaofadhili safari zetu: mkiweka bajeti ya ndege, ongezeni ya turubai, maji ya kunywa na nauli ya kurudi mwaloni. Ni fedha kidogo mno mbele ya tiketi moja.

Mbalamwezi ijayo nitakuwa Kibirizi tena, saa 4 asubuhi, zamu hii kueleza habari za chanja. Mtafiti yeyote aliyepo Kigoma na matokeo yake aje nayo. Kama Kiswahili kinampa tabu, mkalimani nitakuwa mimi.

Mwalimu wa baiolojia,
Ujiji, Kigoma