Kazi ya saa 24 isifungwe jioni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu kazi za video za muda mrefu zinazoonyeshwa kwenye makumbusho. Mfano maarufu ni The Clock (yaani Saa) ya msanii Christian Marclay, ya mwaka 2010: vipande vya filamu vilivyounganishwa vikajaza saa 24, huku saa zikionekana ukutani na mikononi mwa waigizaji. Programu ya kompyuta huilinganisha na saa za pale inapoonyeshwa. Dakika iliyo kwenye skrini ndiyo dakika uliyo nayo. (Waswahili tuna kazi ya ziada: mshale uko kwenye kumi na mbili, nasi tunasoma saa sita.)

Basi usiulize inaanza saa ngapi. Ingia wakati wowote. Ila makumbusho yakifunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, unaonyeshwa saa 7 tu. Hizo 17 nyingine huzioni hata ukirudi kila siku kwa mwezi mzima, maana kila kipande kimefungwa kwenye dakika yake. Wasimamizi waache mlango wazi usiku kucha, hata kama ni mara moja kwa wiki.

Foleni nayo ina hesabu yake. Ukumbi wa viti 60, kila mtu akikaa saa moja kwa wastani, huingiza watu 60 kwa saa. Ukiwa wa 120 utasimama saa mbili. Wengi hung'ang'ania saa sita mchana. Afadhali ufike ikishapita, wanapoanza kuinuka.

Kwa mafundi: taa ya projekta inayodumu saa 2,000, ikiwaka usiku na mchana, haifiki siku 84, na mwanga hufifia kabla haijazima. Wekeni ya akiba, au tumieni projekta ya leza. Saa ya kompyuta nayo ihakikiwe kila asubuhi. Ikichelewa dakika moja tu, mtazamaji akitupia jicho saa yake, utamu umekwisha. Mlangoni pazia moja halitoshi, kila aingiaye huingia na mwanga. Yawe mawili, yakiachana hatua tatu, ili la nje liwe limeshajifunga mtu anapofungua la ndani.

Mpenzi wa sanaa ya video