Asante, mama wa Greeneville

Mama uliyetupokea kwenye banda la ushonaji la Andrew Johnson, fundi nguo aliyekuja kuwa rais wa Marekani, mjini Greeneville, Tennessee, asante sana. Uliposikia mimi ni fundi nguo, hukuniharakisha. Ulinieleza jinsi mafundi wa enzi zake walivyoshona suti nzima kwa mkono, sindano na kastabini, cherehani bado hazijaenea. Johnson mwenyewe, mtoto yatima wa baba, hakukanyaga shule; mkewe Eliza ndiye aliyemnoa kwenye kuandika na hesabu. Mwaka 1835 akaingia bunge la jimbo, 1853 akawa gavana.

Wala hukuficha kwamba alimiliki watumwa, na kwamba akiwa rais, mwaka 1866, alikataa kutia saini sheria ya haki za Weusi. Kwa ukweli huo, mbele ya wanangu, nakushukuru zaidi. Mungu akuzidishie.