Aliyetuunganisha tuliosoma pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke mwenzetu wa Wete, tuliyesoma naye sekondari, ambaye mwezi uliopita ametangulia mbele ya haki.

Baada ya mitihani tulitawanyika, kama ilivyo ada ya sisi Wapemba: wengine Unguja na Dar es Salaam, wengine Mombasa, na wengine Muscat kutafuta riziki. Yeye alibaki na duka lake la rejareja, na chini ya mzani aliweka daftari lenye jina la kila mmoja wetu, namba zake zote za simu, hata zile za zamani alizozipiga mstari, pamoja na jina la jirani wa kuulizwa pindi mtu akipotea. Ilipozama meli ya MV Spice Islander mwezi wa Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja Pemba, hakungoja habari za redio. Alitutafuta mmoja mmoja mpaka akajua nani alipanda na nani aliahirisha safari. Katika harusi na khitma alikusanya michango bila ya kumtangaza asiyekuwa nacho, jambo ambalo, kwa maoni yangu, wakusanyaji wengi hawaliwezi.

Daftari hilo sasa analo mwanawe wa kike. Tuliosoma pamoja ambao namba zetu zimebadilika, tupite dukani tuziandikishe upya, kwani yeye ndiye atakayetuarifu siku ya khitma ya baba yake.

Mwanafunzi mwenzake,
Wete, Pemba.