Risala ya Wanachuo wa Somo la Utamaduni na Jamii ya Hispania kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Lugha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu, wazazi na wanachuo wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Karibu sana chuoni kwetu, na ahsante kwa kukubali mwaliko uliokufikia kwa kuchelewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusikufiche. Wengi wetu tuliingia darasa la Kihispania kwa hesabu za bahashishi. Tuliambiwa mwongoza watalii mwenye lugha ya tatu halali njaa hapa Arusha, tukajiandikisha. Somo la Utamaduni na Jamii tulilikuta tu kwenye ratiba, saa mbili kwa wiki, tukaliona la kujazia. Kilichotugeuza ni aibu ya mwenzetu mmoja.

Akiwa fildi, alipewa familia kutoka Barcelona. Njiani kwenda Tarangire akawasikia wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, asiambulie neno. Kwa nia njema kabisa akawauliza mbona Kihispania chao kina lafudhi nzito hivyo. Gari zima likanyamaza. Baadaye baba wa familia akamweleza kwa upole kwamba kile ni Kikatalani, wala si mtoto wa Kihispania. Lugha zote mbili zimezaliwa na Kilatini, kila moja kwa njia yake. Mheshimiwa, hebu mwambie Mmeru kwamba Kimeru ni Kiswahili kilichopinda, uone.

Aliporudi, mwalimu alitufungulia Katiba ya Hispania ya mwaka 1978, ibara ya 3. Kikastilia, ambacho ndicho hiki tunachokiita Kihispania, ni lugha rasmi ya nchi nzima. Lugha nyingine nazo ni rasmi katika majimbo yao: Kikatalani, Kigalisia, na Kibaski ambacho hadi leo hakijapatikana ndugu yake. Majimbo ni 17, na iko miji miwili yenye mamlaka yake, Ceuta na Melilla, ambayo ipo huku huku Afrika. Ukimya wa garini tukauelewa tulipofika kwa Jenerali Franco. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1939 hadi alipofariki mwaka 1975, ndiye aliyeishika nchi, na Kikatalani kilifukuzwa mashuleni na maofisini. Mtu ambaye wazee wake walikatazwa lugha yao darasani, swali la lafudhi halioni utani.

Kilichotuchekesha ni maneno. Waislamu walivuka kutoka Afrika Kaskazini mwaka 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ilianguka mwaka 1492. Kiarabu kikaacha mizizi kule kama kilivyoacha pwani yetu, kwa hiyo tumekuta jamaa zetu Madrid. Sukari kwao ni azúcar. Wakiagana husema hasta mañana, yaani hadi kesho, na hiyo hasta ndiyo hata yetu. Kadhi wetu wa ndoa na mirathi, kule amekuwa alcalde, meya wa mji. Diwani naye amegeuka aduana, yaani forodha. Diwani wa kata yetu tulipomsimulia alicheka, kisha akauliza kama mshahara nao unabadilika.

Ila kipindi kilichotukaa rohoni ni cha Baraza la Maji la Valencia. Kila Alhamisi saa sita mchana, kwenye mlango wa kanisa kuu la mji huo, wakulima waliochaguliwa na wenzao huketi kwa mduara, wamevaa nguo nyeusi, kusikiliza kesi za maji ya mifereji minane ya mashamba. Hakuna wakili, hakuna jalada. Watu husema kwa mdomo, hukumu inatoka papo hapo. UNESCO iliuingiza utaratibu huo kwenye urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009. Mfereji wanauita acequia, Kiarabu tena. Mwenzetu anayetoka Machame akanyoosha mkono: "Mwalimu, hawa si wazee wa mfongo?" Mfongo ni mfereji wa asili wa Wachaga wa Kilimanjaro. Siku ile kipindi kilipitiliza nusu saa na hakuna aliyelalamika.

Mengine tumeyaona ni ya kazini moja kwa moja. Mhispania hula mchana saa nane au saa tisa, na akishakula haondoki. Hubaki mezani akizungumza, na hayo mazungumzo yana jina lake, sobremesa. Hiyo mesa ya mwishoni ni meza, ile ile tuliyoachiwa sisi na Wareno. Dereva anayewasha gari wageni wakiwa kwenye sobremesa amejinyima bahashishi mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunasikia lipo wazo la kuliondoa somo hili ili saa zake ziende kwenye msamiati wa hoteli. Tunakuomba utusemee lisiondolewe. Vitabu pia ni shida: kitabu kimoja tunakigawana watu wanne, na ni fotokopi. Ukitusaidia barua ya kututambulisha kwenye Ubalozi wa Hispania, Dar es Salaam, vitabu tutaviomba wenyewe.

Kwa upande wetu tumeanza kijitabu cha maneno jamaa ya Kiswahili na Kihispania, na tumefikisha maneno 60. Nakala ya kwanza tutakukabidhi sasa hivi. Utusamehe kurasa za mwisho zimeandikwa kwa mkono. Printa iliishiwa wino jana usiku.

Tunaomba kuwasilisha.