Barua ya wazi kwa vijana wa Moshi mnaokaribia miaka 18 katika makao ya watoto na malezi ya kambo

Wajukuu zangu,

Amri ya mahakama iliyowaweka hapo mlipo ina mwisho. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, amri ya matunzo haizidi miaka mitatu, na ukitimiza 18 inakoma hata kama mitatu haijaisha. Lolote mnalotaka Mahakama ya Watoto iliamue, liombwe mkiwa na 17, si baada ya kukata keki.

Jueni kwanza faili liko wapi. Hapa kwetu wengi hupotelea hapo. Mtoto ametolewa Kibosho, faili likafunguliwa Halmashauri ya Wilaya. Leo anaishi Pasua, ambako ni Manispaa. Afisa ustawi wa jamii wa Manispaa hamjui, wa Wilaya kahamishwa, na ripoti haifiki kwa hakimu. Mwombe mlezi namba ya shauri, uiandike kwenye daftari lako mwenyewe. Kisha mwambie afisa ripoti yake itaje utalala wapi, nani atalipia masomo, na ndugu gani amekubali kukupokea. Ndugu huyo aulizwe kweli, maana wapo wanaoandikwa bila kujua. Maoni yako nayo yaandikwe. Ni haki yako kisheria, usione haya.

Halafu karatasi. Cheti cha kuzaliwa kina jina la ubatizo, shuleni uliandikishwa kwa jina la babu, na amri ya mahakama ina umri wa kukadiriwa. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, hutoa kitambulisho kuanzia miaka 18, na tarehe zikigongana utazungushwa. Sahihisheni mapema RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Waliofiwa wafuatilie pia vyeti vya vifo vya wazazi na kuvihakikisha RITA. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu huviulizia.

La mwisho ni kihamba, shamba la ukoo. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi alitakiwa ndani ya miezi minne, au muda zaidi ikiwa mahakama imeruhusu, awasilishe orodha ya mali na madeni, kisha hesabu kwa vipindi vilivyopangwa na mahakama. Nendeni masjala mkaulize kama zimo. Mara nyingi hazimo, kwa kuwa aliyeteuliwa ni baba mdogo na hakuna aliyemwuliza. Mabinti, mkiambiwa kihamba ni cha kaka, msinyamaze. Na mkisikia shamba linatafutiwa mnunuzi, wekeni pingamizi mahakamani kabla fedha hazijapokelewa.

Babu yenu