Asante kwa mzazi aliyesimamia fomu za katalogi

Ewe mzazi usiyetaka kutajwa jina, kamati ya kitabu cha mwaka cha shule inakushukuru kwa dhati kwa kusimamia fomu za kuagiza bidhaa za katalogi, tulizouza kuchangia kitabu hicho. Kila fomu uliijumlisha mara mbili, kwa mstari kisha kwa safu wima, ukakagua na namba za bidhaa, maana tarakimu moja ikikosewa, aliyeagiza mshumaa huletewa karatasi za zawadi. Dola taslimu ulizihesabu mbele ya mwalimu, mkasaini bahasha wote wawili. Mzigo ulipofika, ulihesabu maboksi kabla ya kusaini hati, ukatanguliza kuwagawia walioagiza biskuti mbichi zilizogandishwa, kwani hazifai kukaa muda mrefu nje ya friza. Faida imetosha kuongeza kurasa 16, fungu zima la uchapaji (kurasa zinazochapwa pamoja kwenye karatasi moja kubwa kisha ikakunjwa), na picha za wahitimu zitatoka za rangi. Mungu akuzidishie.