Alikuwa anaongea: barua kwa mdogo wangu wa kijiweni

Mdogo wangu,

Tangu tumzike mwenzako unarudia neno moja. Ulilisema msibani, ukalisema tena juzi kwenye simu: "Lakini dada, alikuwa anaongea." Najua unachojiuliza: mtu anayeongea anakufaje? Siku ile nilishindwa kukujibu, nilikuwa zamu na jambo lenyewe si la dakika mbili. Naliandika hapa wazi kwa sababu vijana wengi wa bodaboda wanasema neno hilohilo mlangoni kwetu, chumba cha dharura, wakimshusha mwenzao.

Uliniambia alikaa kitako pembeni ya barabara, akaulizia pikipiki yake. Paja limevimba, lakini jinzi kavu, chini hakuna damu. Mkasema ameshtuka tu, mkampa maji.

Neno lenyewe linatuponza. Mtaani tukisema mshtuko tunamaanisha hofu: mtu kapata habari mbaya, moyo unamwenda mbio, mpe maji atatulia. Kwetu hospitalini ni kitu kingine. Damu inayozunguka imepungua mpaka viungo havipati oksijeni ya kutosha, na mtu anaweza kuwa katika hali hiyo bila woga wowote, tena mpole kabisa.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja mpaka moja na nusu inaweza kumwagikia humohumo pajani, nje lisionekane hata tone. Mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani ina vihisio vinavyopima msukumo wa damu. Msukumo ukilegea, ubongo unaarifiwa papo hapo. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, mishipa midogo ya ngozi na ya utumbo inajibana ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana mikono yake ilikuwa ya baridi na imelowa jasho mchana wa jua kali. Na ile kiu iliyomfanya aombe maji kila mara ilikuwa mwili unadai ulichopoteza.

Kwa hiyo aliongea kwa sababu mwili wake ulikuwa unainyima ngozi, tumbo na figo ili ubongo upate. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza hata robo ya damu yake na kipimo cha presha kikasoma vizuri. Mimi mwenyewe nikikuta majeruhi katulia lakini mapigo yanazidi 100 kwa dakika, siiamini presha hiyo. Damu ikipungua zaidi, ikafika kama theluthi, presha inaporomoka, na mtu anaanza kuchanganyikiwa. Uliniambia njiani alianza kukugombeza, hataki kushikwa. Hakuwa anakugombeza wewe, mdogo wangu. Ubongo ulikuwa unakosa damu.

Hamkuwa na gari, mkambeba mshikaki kwenye pikipiki. Mlipitia kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, nusu saa ikaishia hapo. Mgonjwa wa namna ile hupokelewa kwanza, karatasi inafuata. Waambie wenzako, maana muda ndio unaoamua mengi. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao CRASH-2, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Dawa ya kusaidia damu isivuje, asidi ya traneksamiki, ilipunguza vifo, lakini ilifaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia. Baada ya hapo inaweza hata kudhuru. Ndiyo maana kila mara swali langu la kwanza mlangoni ni "Ameumia saa ngapi?" Watu wanadhani ninawahoji.

Siku nyingine, kama damu inaonekana, kandamiza hapohapo kwa kitambaa na kiganja, usiachie kuchungulia. Mlaze chini. Mguu uliovunjika ufungeni pamoja na ule mzima kabla ya kumnyanyua, maana mfupa ukichezacheza unazidi kuchana mishipa. Mfunikeni kanga hata kama kuna joto, kwani mwili uliopoteza damu unapoa, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Maji na chai hapana, huenda akaingizwa chumba cha upasuaji.

Hayo hakuna aliyewahi kuwafundisha pale kijiweni. Wewe ulimshika mkono mpaka mlangoni kwa kile ulichokuwa unakijua.

Jumamosi naingia zamu ya usiku, mchana nitakuwa huru. Nitakuja, waite wenzako. Nitawaonyesha kubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha kuachia na kuhesabu: wekundu usiporudi ndani ya sekunde 2, msimsikilize anayesema yuko sawa. Tutaanza na mkono wako. Kanga ya kufungia mguu nitakuja nayo.

Dada yako